Kiti Kilichomeza Mihuri

Tulimwacha Nerina shingo yake ikiwa mkononi mwa Renzo, na pua yake shubiri moja tu kutoka kwenye meno ya msumeno wa mkanda. Msumeno unanguruma. Kiwanda ni kitupu. Wenzake wote wako getini wamegoma, wanapiga madebe, na hakuna anayesikia.

"Mara ya mwisho," Renzo akamwambia sikioni. "Karatasi za waridi ziko wapi?"

"Sijui."

"Tuanze na pua au sikio? Chagua mwenyewe. Mimi si mtu mbaya, nakupa nafasi."

Aliyekosa wiki iliyopita asihangaike, ni maneno machache tu. Ferruccio Beltrame, bosi wa kiwanda cha viti hapa Manzano, Italia, amefilisika. Kabla watu hawajajua, aliyahamisha makao ya kampuni kwenye makaratasi, akayapeleka ng'ambo ya mpaka, Slovenia, kwenye chumba kimoja juu ya duka la kinyozi. Leo mahakama mbili zinakaa kwa jambo hilo hilo. Mjini Udine saa nne asubuhi, kwa ombi la wafanyakazi. Ng'ambo saa nne na nusu, kwa ombi la binamu wa bosi, ambaye mfilisi wa kuuza mali tayari anaye mfukoni.

Na sheria ya Ulaya haina huruma. Kampuni inafilisiwa mahali inapoendeshwa kweli, pale wanaoidai wanapoiona kwa macho yao. Lakini mahakama ya kwanza kufungua shauri ndiyo yenye kauli. Nyingine zote, nchi zote, zinafunga mdomo.

Ng'ambo wakitangulia, mashine zitauzwa kwa bei ya chuma chakavu, na mnunuzi atakuwa Ferruccio yule yule kwa jina jingine. Watu mia mbili watarudi nyumbani mikono mitupu.

Ushahidi wa kumzuia ulikuwa mmoja. Nerina ndiye mpokea mbao. Kila lori likiingia, yeye hupiga mhuri kwenye hati ya mzigo, na bosi mwenyewe hutia saini pale pale getini, hata baada ya kujifanya amehamia ng'ambo. Hati moja, nakala tatu. Nyeupe na ya njano Ferruccio alizichoma kwenye tanuri. Ya waridi haikuonekana.

Nerina alikuwa anasema kweli. Hakujua zilipo.

Mpaka alipoyatupa macho chini ya meza ya msumeno.

Palikuwa na kiti kibovu, kimerudishwa na mteja kwa kuvunjika mguu. Kikalio chake cha nyasi kilikuwa kimepasuka, na kwenye ule mpasuko imechungulia ncha ya karatasi. Ya waridi. Ina nusu ya mhuri, na mhuri una pengo upande wa kushoto.

Pengo lile Nerina analijua kama jino lake mwenyewe. Yeye ndiye aliyeuangusha mhuri ule sakafuni.

Mungu wangu, akasema moyoni. Gunia!

Wasukaji wa viti wa Manzano hawasuki nyasi tupu. Kikalio kitupu hubonyea, mtu akazama kama kwenye beseni. Kwa hiyo hukishindilia karatasi taka ndani, kikawa kigumu. Na karatasi taka za kiwanda, kila Jumatatu, huingia guniani na kwenda kwa wasukaji. Imekuwa hivyo tangu enzi za babu yake Ferruccio. Nakala za waridi hazina kazi, zinatupwa gunia lile lile. Bosi aliagiza mafaili yachomwe, akalisahau gunia, maana hakuna aliyewahi kulihesabu kuwa kitu.

Na gunia lile Nerina amelibeba kwa mikono yake mwenyewe, akampelekea mama yake mzazi, msukaji.

"Nyumbani!" akapiga kelele. "Ziko kwangu nyumbani, Renzo! Niache nikuonyeshe!"

"Ehee. Ulimi umepona."

Mkono ukalegea kidogo. Kidogo kile kilimtosha. Goti la Nerina likapanda likagonga kitufe chekundu chini ya meza. Mota ikazima. Pakawa kimya.

Renzo akacheka. "Umezima? Vizuri. Sasa nitakusikia ukilia."

Renzo huyu alioa dada wa bosi, akapewa ofisi na kiti cha kuzunguka. Mashine hajawahi kuigusa. Angekuwa mtoto wa Manzano angejua kwamba mota ikizima, mkanda hauzimi. Unaendelea kukimbia nusu dakika nzima, kimya kimya, ukali ule ule.

Nerina akamtia kiwiko tumboni. Renzo akayumba, akatafuta pa kujishikiza, akaweka kiganja mezani.

Vidole viwili vikabaki pale. Mwenyewe akarudi nyuma akiutazama mkono wake kama si wake.

Kisha akalia, na sauti ile haikuwa ya mtu. Akaokota nyundo ya mbao kwa mkono uliobaki mzima, akampiga Nerina shavuni. Jino likatoka, damu ikajaa mdomoni. Nerina akaanguka juu ya kiti kibovu, akaung'oa ule mguu uliovunjika, akainuka nao. Pigo la kwanza gotini. Pigo la pili sikioni. Renzo akalala chini.

"Sikio," Nerina akamwambia huku akitema damu. "Nimechagua sikio."

Akabeba kiti akakimbia.

*

Nyuma ya kiwanda kaka yake Danilo alikuwa kwenye bajaji yake ya mizigo, amefunika viti vipya kwa turubai. Alikuwa ametoka kwa mama yao asubuhi hiyo kuvichukua.

"Yesu! Una damu, dada."

"Si yangu yote. Endesha! Udine, mahakamani!"

"Na hicho kiti kibovu cha nini? Jaji hana pa kukaa?"

"Danilo, endesha au nikushushe niendeshe mimi!"

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Bajaji ile ikienda mbio sana inatetemeka mpaka meno yanagongana, na bado mtu wa baiskeli anakupungia mkono. Walifika daraja la mto Torre Danilo akiimba kwa hofu. Nerina akatazama kioo cha pembeni. Gari jeusi. Kubwa. Linakuja bila kupunguza.

"Ni Ferruccio!"

"Namwona."

"Kaa katikati asipite!"

"Hataki kupita, dada. Anatutaka sisi."

Gari likawagonga kwa nyuma. Bajaji ikapaa, ikavunja kingo mwisho wa daraja, ikabingirika mpaka chini mtoni. Torre hauna maji miezi mingi, ni changarawe nyeupe tupu. Wakaangukia mawe. Nerina alipofumbua macho aliona mbingu, halafu turubai, halafu mguu wa Danilo umekunjwa mahali ambapo mguu haukunjwi.

Ferruccio Beltrame akateremka polepole, suti yake safi, spana ya gurudumu mkononi.

"Renzo amenipigia analia," akasema. "Ati umekimbia na kiti kibovu. Miaka kumi amelala na dada yangu na bado hajui ndani ya kiti kuna nini. Mimi nimezaliwa juu ya nyasi hizi, Nerina. Mara moja nikaelewa. Leta."

"Sina kitu."

Akainua spana akamshushia Danilo mkononi. Mfupa ukalia kama kijiti kikavu.

"Leta."

"Bosi, mwache! Nakuomba, bosi!"

"Umeanza kuniita bosi tena? Jana getini ulikuwa unaniita mwizi." Akainua tena. "Mkono wa pili, au kiti?"

Nerina akajikokota kwenye mawe mpaka kilipolala kile kiti kibovu. Akakikumbatia. Akalia kwa sauti, akakisukuma, akakivuta tena, akakiomba kama anayeomba mtoto asichukuliwe. Ferruccio akampiga teke la mbavu akakinyakua. Akakitia kikalio kisu mara moja, akaiona ile waridi, akatabasamu. Petroli ilikuwa inavuja kwenye bajaji. Akakitumbukiza kiti kizima pale, akawasha.

Ndimi za moto zikapanda.

"Kwisha," akasema. "Nenda kamwambie jaji wako aje anuse moshi."

Juu ya daraja lori la magogo lilikuwa limesimama, dereva anapiga kelele na kupiga honi. Ferruccio akapanda ukingo, akaingia garini, akatoweka.

Nerina akaacha kulia papo hapo. Akakimbilia kwenye turubai lililotupwa mbali na moto, akalifunua. Viti sita vipya. Kimoja tu kilikuwa kimevunjika.

"Danilo! Hivi mama alivishindilia lini?"

Danilo alikuwa amekuwa mweupe kama chokaa. "Wiki iliyopita," akasema kwa taabu. "Gunia… gunia moja na kile."

"Una hakika?"

"Mimi nina hakika mkono umevunjika. Mengine muulize mama."

Dereva wa lori aliwabeba wote wawili, na viti viwili, maana zaidi ya hapo kibanda cha dereva hakikupokea. Alitaka kwenda hospitali kwanza. Danilo akakataa.

"Mshushe dada kwanza, mzee. Mfupa hauendi popote."

*

Wakili Tonutti alikuwa anamngoja kwenye korido ya mahakama. Mzee wa nywele nyeupe, ndiye aliyewasimamia wafanyakazi tangu mwanzo bila kuwatoza hata senti. Alipomwona Nerina na uso ule, na kiti kila mkono, akajishika kifua.

"Binti yangu! Nani amekufanya hivi?"

"Baadaye, Wakili. Saa ngapi?"

"Nne na nusu. Nimemwomba jaji atusubiri. Sasa ngoja, ngoja, miwani yangu. Bila miwani sioni hata jina langu."

Akapekua mfuko wa kulia. Akapekua wa kushoto. Akafungua mkoba, akatoa karatasi moja moja, akazirudisha. Nerina alitamani kumbeba begani. Mwisho akaipata, wakaingia.

Jaji Morassi alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua, leso mkononi. Upande wa pili ameketi wakili wa Ferruccio, kijana anayenukia marashi.

"Mheshimiwa," akasema yule kijana, "naona leo tunauza samani."

"Kaa kimya. Mama, umeumia. Unataka daktari?"

"Nataka mkasi, Mheshimiwa Jaji."

Karani akamtazama jaji, jaji akakubali kwa kichwa. Nerina akapiga magoti, akakipindua kiti cha kwanza, akakata nyasi. Akachopoa vilivyomo.

Magazeti ya mpira. Ukurasa baada ya ukurasa wa magazeti ya mpira. Na kijiti cha mti mgumu chenye ncha, kile cha kushindilia, ambacho mama yake hukisahau ndani ya viti kila mara.

Kijana wa marashi akacheka wazi wazi. "Ushahidi mzito! Naona timu ya nyumbani ilifungwa."

Nerina akakitia kijiti kwenye mfuko wa aproni. Kiti kimoja kimebaki. Watu mia mbili wanamtegemea, na Danilo na mfupa wake. Akatia mkasi.

Waridi.

Ikatoka moja, imekunjamana. Ikatoka ya pili. Jaji akaacha kupenga kamasi, akashuka kutoka kwenye kiti chake, akainama naye sakafuni, akawa anazinyoosha kwa kiganja na kuhesabu kwa sauti.

"Nane. Tisa. Kumi. Hati kumi. Zote zina tarehe za baada ya kuhama. Saini hii ni ya nani?"

"Ya bosi Ferruccio, Mheshimiwa. Aliitia getini, Manzano, mbele ya dereva wa kila lori."

"Pingamizi!" Kijana akaruka. "Mhuri unachongwa popote! Nani ajuaye kama ni wa kampuni?"

Nerina akaingiza mkono kwenye aproni akautoa mhuri wenyewe. Hauachi kamwe, hata akienda kanisani. Akaupuliza, akaugonga kwenye karatasi nyeupe ya karani. Pengo upande wa kushoto. Akaiweka kando ya zile kumi. Pengo lile lile mara kumi.

Jaji akarudi mezani.

"Juu ya duka la kinyozi hakuna lori lililowahi kushusha ubao," akasema. "Waliokuwa wanaidai kampuni hii walimwona mwenyewe Manzano, getini, kalamu mkononi. Huko ndiko inakoendeshwa. Mamlaka ni ya mahakama hii, na ninafungua shau—"

Mlango ukafunguliwa. Karani wa pili akaingia mbio na karatasi.

Jaji akaisoma. Kalamu ilikuwa imekwisha kugusa hukumu. Akaiinua.

"Ng'ambo wamefungua," akasema taratibu. "Saa tano kasoro dakika tisa."

Wote wakageukia saa ya ukutani. Saa tano kasoro dakika sita.

Dakika tatu, jamani. Dakika tatu!

Nerina akazinyooshea kidole zile hati. "Lakini wamedanganywa, Mheshimiwa! Wewe umeziona!"

"Nimeziona. Wao hawakuziona, wamehukumu kwa walichowekewa mezani. Na mimi sheria hainiruhusu hata kubisha." Akazikusanya hati kumi akampa mkononi. "Sikiliza vizuri. Mlango umebaki mmoja. Mdai yeyote, hata mfanyakazi, anaweza kwenda pale pale walipofungua akapinga mamlaka yao. Beba hizi zenyewe. Nenda leo, kabla mfilisi hajagusa mashine."

*

Walitoka hadi koridoni yeye na Tonutti peke yao. Nerina alikuwa anaburuta kile kiti kilichopasuliwa, kwa mazoea tu, na kikalio kikamwaga mabaki. Karatasi moja zaidi ikaanguka sakafuni.

Tonutti akainama akaiokota. "Kumi na moja," akasema. "Mungu yuko nasi. Ziweke pamoja, binti. Gari langu liko nje, nitakupeleka mpakani mwenyewe. Nimpigie kwanza mke wangu, asinisubiri kwa chakula."

Akasogea dirishani na simu. Hakukawia. Alipokuwa anairudisha mfukoni, ya Nerina ikalia. Jina la Danilo.

"Kaka! Wamekufunga plasta?"

"Nimebaki na vidole vinane," sauti ikasema, "na vyote viko shingoni kwa kaka yako."

Nerina akaikandamiza simu sikioni.

"Renzo."

"Hospitali ni nyumba ya wagonjwa wote, umesahau? Nimemkuta kwenye machela, hana wa kumlinda. Usivuke mpaka. Niletee karatasi zote kumi na moja, nikupe kaka yako akiwa bado anapumua."

"Zote ngapi?"

"Kumi na moja! Nyundo imekutia uziwi?"

Simu ikakatika.

Nerina alisimama pale pale. Mahakamani zilihesabiwa kumi. Kijana wa marashi alisikia kumi. Jaji alisikia kumi. Ya kumi na moja imeanguka koridoni, na koridoni walikuwa watu wawili.

Akainua macho. Wakili Tonutti anamtabasamia, na miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Kamba ile ile anayoivaa kila siku. Imeshonewa kwenye koti. Miwani ile haiwezi kupotea hata akitaka, na bado aliitafuta mifuko yote na mkoba mzima, dakika zaidi ya tatu.

"Nani huyo, binti?"

"Danilo," Nerina akajibu. "Anasema hajambo."

"Shukuru Mungu. Twende."

Gari lilikuwa limeegeshwa kivulini. Tonutti akamfungulia mlango wa mbele kama mtu mwenye adabu zake. Nerina akaupita, akafungua wa nyuma, akaketi nyuma ya dereva. Mzee akasita, kisha akaingia, akawasha.

Walipotoka getini, mzee akahisi kitu chenye ncha chini ya sikio, pale mshipa unapodunda.

"Ni kijiti cha mama," Nerina akasema. "Kinapita kwenye nyasi kavu, kwenye shingo hakitanisumbua. Geuza gari, Wakili. Tunapita hospitali kwanza. Na safari hii usitafute miwani."

Tone la damu likateremka kwenye kola nyeupe. Tonutti hakugeuka. Alimtazama kwenye kioo kidogo, na machoni mwake hamkuwa na woga hata chembe.

"Danilo hayuko hospitali, binti," akasema. "Hakuwahi kufika."

Na milango yote minne ikajifunga kwa pamoja.